Kompresheni Ndogo, Hewa Haivuji

Hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, inayofunguliwa mara ya pili baada ya siku chache, mara nyingi haikuwa na kosa lolote. Nasema hivi nikiwa fundi wa magari hapa Nyakato, Mwanza, na nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakilipia gasketi mpya, bolti mpya na ufundi upya kwa ugonjwa uliokuwa mbele ya injini, kwenye cheni au mkanda wa taiming. Gari limechemsha, hedi imepinda, imetafutwa hedi nyingine ya mtumba, imefungwa. Wanapiga stata: injini inazunguka haiwaki, au inawaka inamisi. Neno la kwanza linalosikika gereji nzima ni "umeuziwa hedi mbovu." Hapo ndipo ninapoomba kila mtu aweke spana chini.

Kwenye injini ambazo kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko kwenye hedi, huwezi kuvua hedi bila kuiachanisha na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Vikishaachana, vinachobaki kuvikutanisha ni alama za kiwandani na umakini wa mfungaji. Krenki inazunguka mara mbili, kamshafti mara moja. Gia ya kamshafti ikiwa na meno 36, jino moja ni nyuzi 10 za kamshafti, lakini ukizihesabu kwenye krenki ni nyuzi 20. Hizo ni nyingi mno. Valvu inafunguka pistoni ikiwa imeshakwenda sehemu ambayo haikutakiwa iwe imefika. Tena krenki inapita topu, pale pistoni inapofika juu kabisa, mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, kwa hiyo kuona pistoni namba moja iko juu hakutoshi. Inaweza kuwa juu imebana hewa, au juu inamalizia kutoa moshi.

Gari ninalolitolea mfano kila ninapomwelekeza kijana ni Toyota Probox moja iliyokuwa inabeba abiria kati ya Mwanza na Sengerema. Zamani gari la njia ile lilikuwa linapumzika kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari linakwenda na kurudi bila kupoa, na lenye rejeta chafu linaumbuka haraka. Hili lilichemsha, likabadilishwa hedi kwenye gereji nyingine, likarudi barabarani likiwa halina nguvu. Likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, lilikuwa linatetemeka. Mlima wa Bugando lilikuwa linaupanda kwa gia ya kwanza, ila likishafika kwenye tambarare na kushika mwendo linakuwa kama limepona. Maelezo hayo ya dereva niliyashika, kwa sababu kamshafti ya inteki (ya valvu za kuingiza hewa) ikichelewa injini inakufa nguvu chini na kuipata kidogo juu. Ikiwahi, inakuwa kinyume chake.

Mwenye gari alikuja mwenyewe. Mama mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa Kirumba.

"Fundi, wameniambia hedi hii nayo nitupe, ninunue nyingine. Na sensa nimeshabadilisha."

"Sensa gani, mama?"

"Ya kamshafti. Mashine ndiyo iliyoandika."

"Naomba uniachie gari mpaka kesho. Sitafungua kitu ambacho sijakipima."

Mashine ya kusoma makosa ya gari ilikuwa imeandika P1346. Kwenye Toyota za umri wa Probox hiyo namba hiyo inasema kwamba kompyuta inaona ishara ya kamshafti haikai mahali inapopategemea ikilinganishwa na ishara ya krenki. Magari mengi ya baadaye huandika P0016 kwa ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Namba haijasema sensa imekufa. Sensa inaweza kuwa inasema kweli tupu: kamshafti haiko mahali pake! Gari limetoka kubadilishwa hedi, namba ya aina hii ikatokea, halafu mtu akaenda dukani kununua sensa kabla hajaangalia cheni. Huko ni kumpuuza shahidi aliyekuja kwa hiari yake.

Nilianza na sikio. Nikachomoa soketi za koili na za nozeli ili injini isiwake, dereva akapiga stata. Injini yenye silinda moja isiyobana huzunguka kwa kuchechemea: inapata mzigo, mzigo, mzigo, halafu inaponyoka. Hii ilikuwa inazunguka sawasawa, lakini kwa wepesi usio wa kawaida. Nikatoa plagi zote, nikafunga geji ya kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), dereva akakanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata, silinda moja baada ya nyingine. Zote nne zilikaa kwenye baa 8, moja tu ilizidi kwa nusu.

Hapa kuna jambo la watu wa kanda hii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa zaidi ya asilimia 12. Geji inapima kile injini ilichovuta. Kama kitabu kinasema baa 14, injini nzima kabisa hapa Mwanza itakupa kama 12, na ukimwambia mtu kwamba ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu hiyo utakuwa umemdhulumu. Geji ya mvuto wa hewa nayo ni hivyo hivyo: ukiiunganisha kwenye manifoldi injini ikiwa sailensa, usitegemee mshale ufike pale unapofika pwani. Kwa hiyo kwenye daftari langu nina vipimo vya magari mazima niliyoyapima hapa hapa, na hivyo ndivyo ninavyolinganisha navyo. Lakini nane si kumi na mbili, hata ukiitetea kwa hewa ya Mwanza.

Nilichokitazama zaidi ni ule usawa. Gasketi ikiungua, inaungua mahali: silinda moja, au mbili zilizo jirani. Valvu ikipinda, inaharibu silinda yake. Toyota nyingi haziruhusu tofauti ya zaidi ya baa 1 kati ya silinda na silinda, na hapa tofauti ilikuwa ndani ya hapo. Silinda zote nne zikishuka pamoja kwa kiasi kile kile, mkosaji ni kitu kinachozigusa zote. Vipo viwili vinavyokuja haraka akilini: ringi zilizochakaa kwa pamoja, au kamshafti. Nikatia kijiko cha oili kwenye kila silinda, kwani oili huziba kwa muda ringi zilizochakaa, na kupima tena. Geji haikupanda kwa maana yoyote. Ringi nikaziweka pembeni.

Kisha ukaja upimaji wa hewa ya kompresa, ambao kwangu ndio uliomaliza ubishi, na ndio ninaotamani kila gereji ya Mwanza iwe nao, kwa sababu kifaa chake kinatengenezwa hapa hapa. Unachukua plagi kuukuu, unavunja ule udongo mweupe wa ndani mpaka ubaki mwili wa chuma wenye nyuzi. Unampelekea mtu wa kuchomelea akuwekee kichwa cha kupokea mpira wa kompresa. Unakifunga kwenye tundu la plagi, pistoni ya silinda hiyo ikiwa topu ya kubana, gari limewekwa gia na breki ya mkono imevutwa, kwa sababu hewa itataka kuisukuma pistoni chini na krenki izunguke. Mikono na spana viwe mbali na puli. Unafungulia hewa taratibu, halafu unasikiliza. Ikilia kwenye ea klina, valvu ya inteki inavuja. Ikilia kwenye bomba la ekzosi, valvu ya ekzosi. Ikitoka pale pa kujazia oili, ringi. Maji yakitoa mapovu kwenye rejeta, gasketi imeungua au hedi ina ufa.

Kwenye Probox ile niliweka sikio ea klina, kimya. Ekzosi kimya. Rejeta, maji yametulia. Pale pa oili kulikuwa na ule mpumuo mdogo wa kawaida ambao kila injini iliyotembea inao. Silinda zote nne zilishika hewa vizuri.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi. Pistoni ikiwa topu ya kubana, valvu zake zote zimefungwa, hata kama kamshafti imekosea jino moja, kwa sababu topu iko mbali na mahali valvu zinapofunguka. Ndiyo maana hewa haikutoroka. Lakini injini inapozungushwa na stata, valvu ya inteki inayochelewa kufunga ni kama mlango wa zizi unaofungwa ng'ombe wakiwa wameshaanza kutoka: pistoni inapanda, na sehemu ya hewa iliyoingia inarudishwa kwenye manifoldi. Geji inasoma kile kidogo kilichobaki. Kompresheni ndogo kwenye silinda zote, na hewa haivuji popote: mambo hayo mawili yakikutana kwenye injini iliyotoka kubadilishwa hedi, sina sababu ya kuigusa hedi. Naenda mbele, kwenye taiming.

Kabla ya kufungua fron kava, kifuniko cha mbele kinachoficha cheni, nilikuwa na mtuhumiwa mmoja wa kuondoa. Injini hii, 1NZ ya cc 1,497, ina VVT-i upande wa inteki. Gia ya kamshafti ile ina vyumba vya oili ndani, na valvu ndogo ya umeme ndiyo inayopeleka oili ili kamshafti iwahishwe injini ikihitaji. Hedi ya mtumba iliyokaa stoo na oili iliyoganda inaweza kuja na valvu hiyo imekwama, au kichujio chake kimeziba. Nikawasha injini, ikiwa sailensa nikachomoa soketi ya valvu hiyo na kuipa volti 12 za betri moja kwa moja. Injini ikayumba ikataka kuzima. Nikatoa umeme, ikarudi kwenye ule mtetemo wake wa mwanzo. Ina maana mfumo unaitikia, oili inafika, na gia inakwenda na kurudi. Kosa liko kwenye cheni.

Nikatoa tapeti kava, kifuniko cha juu ya hedi. Alama ya puli ya krenki sikuiamini peke yake, nitaeleza mbele kwa nini. Kwenye tundu la plagi namba moja nilitumbukiza mrija mrefu mgumu wa plastiki, nikazungusha krenki kwa spana ndefu taratibu, upande wake wa kuzungukia. Mrija unapanda pamoja na pistoni, unafika juu unasimama kidogo, kisha unashuka. Pale unaposimama ni pana mno kwa jicho. Ndiyo maana natia alama kwenye puli mrija ukiwa umebakiza milimita 10 kufika juu, napita topu, natia alama nyingine mrija ukishuka milimita 10 hizo hizo. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo topu ya kweli. Halafu narudi nyuma kupita sehemu hiyo na kuijia tena kwa upande wa kawaida, ili cheni iwe imekazwa upande unaovuta.

Injini hizi zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Namba moja ikiwa topu ya kubana, nundu za kamshafti zinazosukuma valvu zake za inteki na za ekzosi zinatazama mbali na valvu, na ukigusa pale unasikia nafasi ndogo. Namba nne wakati huo iko kwenye kupokezana zamu: valvu ya ekzosi inamalizia kufunga, ya inteki inaanza au inakaribia kufungua. Nipe kitambaa safi mkononi, nitazame namba nne, na hata kama alama zote zimefutika nitakueleza kama taiming iko karibu au iko mbali. Kwenye Probox ile, ekzosi ya namba nne ilikuwa inafunga vizuri, lakini nundu ya inteki ilikuwa bado mbali na kuanza kusukuma valvu. Alama ya gia ya ekzosi ilikuwa mahali pake. Ya inteki ilikuwa nyuma jino moja.

Kijana aliyeifunga kule kwingine nilimwomba aje aone, na akaja. Nilimheshimu kwa hilo.

"Kaka, alama nililinganisha zote. Hata vile viungo vyenye rangi vilikaa kwenye alama."

Nilimwamini, kwa sababu najua kinachotokea. Kamshafti inasukumwa na springi za valvu muda wote. Ukishavalisha cheni, kabla tenshena (kikaza cheni) haijaachiwa ikaze, kamshafti ya inteki inaweza kuruka kidogo kurudi nyuma kwa nguvu ya springi, na cheni iliyolegea inairuhusu. Ukiachia tenshena baada ya hapo, unakaza kosa. Dawa ni kuishika kamshafti kwa spana kwenye ule mwili wake wenye pande sita mpaka tenshena ichomoe mkono wake, na kuhakikisha pini iliyokuwa inaizuia imetolewa. Halafu unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kutazama alama za gia tena. Si viungo vyenye rangi! Alama za gia zinarudi kila mizunguko miwili ya krenki, lakini viungo vyenye rangi vya cheni vinarudi mahali pake baada ya mizunguko mingi sana. Nimeona mafundi wazuri wakibomoa taiming iliyokuwa sahihi, kwa sababu tu walizungusha injini na rangi hazikurudi.

Kitu kingine nilimwonyesha, gia ya VVT-i yenyewe. Ina pini ya ndani inayoifunga kwenye mkao wa kuchelewa injini ikiwa imezimwa. Ukifunga cheni pini ikiwa haijakaa, alama zitakubali, kamshafti haitakubali. Unaishika gia na kujaribu kuizungusha kwa mkono, ikicheza, bado.

Bahati ya mama yule ni kwamba inteki ilichelewa, haikuwahi. Inteki ikichelewa, au ekzosi ikiwahi, valvu zinakwenda mbali na pistoni. Inteki ikiwahi sana au ekzosi ikichelewa sana, zinakutana nayo, na kwenye injini kama hii zinapinda. Ndiyo sababu kwenye gereji yangu stata haipigwi baada ya kufunga hedi mpaka krenki imezungushwa kwa mkono mizunguko miwili. Ikigota, simama. Usiongeze bomba kwenye spana. Kule kugota ni valvu inakuomba.

Tulifungua mbele, tukarekebisha, tukafunga. Kompresheni ikapanda hadi karibu na 12 kote, P1346 haikurudi, na hedi ile ile iliyotaka kutupwa bado inabeba abiria wa Sengerema.

Sasa ile puli. Puli nyingi za krenki zimetengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na raba katikati, na raba ikizeeka ule mduara wa nje, wenye alama, unateleza. Niliwahi kuletewa Corolla ya mkanda ambayo mafundi wawili waligombana juu yake, mmoja akisema taiming iko sawa, mwingine akisema haiko. Wote walikuwa wanasoma alama iliyohama. Mrija kwenye tundu la plagi uliwapatanisha.

Kwenye injini hizo za mkanda za familia ya 4A-FE na 5A-FE, mkanda unaendesha kamshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia ndogo zilizo kati yao. Gia hizo zina seti mbili za alama, moja ya kufungia kamshafti na nyingine ya topu. Ukizichanganya, mkanda utakaa sawa kabisa huku kamshafti moja ikiwa imepotea. Nafuu yake ni kwamba injini hizo valvu hazigongani na pistoni, kwa hiyo kosa linarekebishika bila msiba.

Hedi ya mtumba inaweza pia kuja na kamshafti yenye kipande cha kusomwa na sensa ambacho meno yake hayafanani na ya gari lako. Kompresheni inakuwa nzuri, alama ziko sawa, injini inazunguka na haipati moto kwa wakati. Hapo hamisha kamshafti zako za zamani kama ni nzima, lakini pima upya nafasi za valvu, kwa sababu nundu na hedi havikuzoeana. Tena kofia za kamshafti, vile vipande vinavyoishikilia kwa juu, hazihami na kamshafti: kila hedi inabaki na kofia zake, kwa namba zake.

Hiace za dizeli zinazoshusha samaki kwenye soko la Mwaloni zina mambo yao. Kwenye nyingi za zamani mkanda mmoja unazungusha kamshafti na pampu ya dizeli, kwa hiyo kuna mahali pawili pa kukosea. Kompresheni ikiwa nzuri na gari linatoa moshi mweupe na kuwaka kwa shida asubuhi, nasogea kwenye alama ya pampu, kwani pampu ikichelewa ndivyo inavyofanya. Ikiwahi, inagonga kwa sauti kavu. Wenzangu wanaotengeneza injini za boti za stroki mbili pale ufukweni wamepumzishwa na haya yote, maana zile hazina kamshafti kabisa.

Mwisho ni suala la kuchonga hedi, kwa sababu ndilo linalosingiziwa kila taiming inapokorofisha. Hedi ikichongwa, kamshafti inakaribia krenki na taiming inasogea kweli. Lakini piga hesabu: milimita 0.2 zikitolewa, kwenye gia yenye nusu kipenyo cha milimita 60, kamshafti inasogea chini ya robo ya nyuzi moja. Jino moja ni mara nyingi zaidi ya hapo. Kuchonga hakuwezi kukupotezea jino, na alama ikikosea jino zima, aliyechonga hahusiki. Kinachobadilika ni nafasi kati ya pistoni na valvu, na kwenye dizeli nafasi hiyo ni ndogo tangu kiwandani. Ndiyo maana kwa dizeli napima kwanza pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku, naangalia unene wa gasketi iliyotoka, ndipo namtuma mtu dukani akanunue nyingine.